Chuma Kisichofunguka

Obadiah Mwanyika alikuwa na sifa moja mjini Voi, na kwa bahati mbaya aliijua mwenyewe: alichokifunga yeye hakikufunguka. Alishuka kutoka Mbololo akiwa kijana asiye na kitu ila mikono miwili, akaingia reli kama kibarua wa kubeba mataruma, na kufikia miaka ile ya uhuru alikuwa fundi wa karakana mwenye jiliwa lake la kubania vyuma, tupa zake na kiburi chake. Jiliwa na tupa aliwaazima wenzake. Kiburi hakumwazima mtu.

Njia ya Taveta ndiyo iliyomfundisha kazi. Reli ile ilipita Mwatate na Bura, ikazama katika nyika ya Maktau ambako mlinzi wake ni twiga. Treni ikipita inatikisa, nati zinalegea zenyewe. Zile zilizosazwa na treni zililegezwa na watu, maana bolti ya reli ikipata moto na nyundo hutoa panga zuri. Basi mafundi walikuwa na dawa yao. Wakishakaza nati, waliiponda ncha ya bolti mpaka ikachanua, nati isiweze kurudi nyuma tena. Wenyewe waliita kuua bolti. Bolti iliyouawa haikaguliwi mara mbili. Siku ya kuitoa ikifika, inakatwa kwa moto wa gesi na kutupwa. Hakuna aliyeua bolti nyingi katika njia ile kuliko Obadiah, na akipata kikombe cha chai atakuhesabia mpaka chai ipoe.

Mkewe, Tryphena, alimzalia wavulana wawili, kisha Elsie. Elsie alizaliwa na kifua kilichobonyea katikati. Alipokuwa mchanga watu walisema kitajaa akinyonya vizuri. Alinyonya, akakua, na shimo likakua naye, hata kufikia miaka tisa ungeweza kuweka ngumi pale chini ya shingo na isionekane ukimtazama kwa ubavuni. Shuleni walimwita Bakuli. Katika mchezo wa kukimbizana alikuwa wa kwanza kuketi, amejishika magoti, anatafuta pumzi. Obadiah alimpenda mtoto yule kuliko wale wavulana wote wawili wakiwekwa pamoja, na hakuficha. Kila alipomwona akivuta pumzi kwa shida, mikono yake ilikosa pa kukaa. Fundi mzima, na kitu kimeharibika ndani ya nyumba yake, na hakuna spana ya kukifikia!

Ndipo akaja Daktari Norberg. Alikuwa Mzungu wa misheni, mpasuaji katika hospitali moja huko pwani, na mara moja kwa mwezi alipanda Voi kuona wagonjwa. Alimgongagonga Elsie mgongoni, akamsikiliza, kisha akawaambia wazazi kwa Kiswahili chake cha kujifunzia vitabuni kwamba jambo hilo lina tiba. Atafungua kifua, atakata gegedu zinazovuta mfupa wa kidari kwenda ndani, ataunyanyua mfupa, na chini yake atapitisha ufito wa chuma uushikilie.

"Ni kama ukuta wa udongo," akasema. "Ukiegemea, unautegemeza kwa mti mpaka ukauke. Ukishakauka, mti unautoa. Na huu tutautoa baada ya miaka miwili."

Tryphena aliyashika maneno yote. Obadiah alishika la ufito.

Shida ilikuwa kwamba fito alizokuwa nazo daktari zilitengenezwa Ulaya kwa vifua vya watu wazima. Kwa mtoto mwembamba wa Kitaita zilikuwa boriti. Obadiah hakungoja kuombwa. Alisema yeye ni fundi wa reli, na kama daktari atampa chuma kisichoshika kutu, atamkunjia ufito wa kiasi cha Elsie. Daktari akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Safari iliyofuata akamletea vipande vya chuma. Obadiah akamlaza mtoto mezani, akampima kifua kwa waya laini wa risasi, akaukunja waya ukafuata mbavu zake kutoka kwapa hadi kwapa, akaupeleka karakana kwa uangalifu kama aliyebeba yai.

Ufito wa kwanza ulikuwa mzuri kuutazama. Ulikuwa na mkunjo kama wa upinde, mwororo, ncha zake zimetobolewa ili daktari azifunge kwenye mbavu kwa waya. Elsie akapasuliwa, akarudi Voi kifua kimesimama, na Tryphena akalia kwa furaha mbele ya majirani. Mwezi haukuisha. Mtoto aliinama kuokota ndoo, akasikia kitu kimegeuka ndani yake kama mpini wa ndoo unavyoanguka upande. Waya zilikuwa zimelegea. Ufito ulibingirika, mfupa ukazama, na ncha moja ikasukuma ngozi chini ya kwapa hadi ikang'aa. Walimkimbiza pwani kwa treni ya mizigo, Obadiah amempakata, na kila tikisiko la behewa mtoto analia. Daktari alimfungua mara ya pili, akautoa ufito, akamshona. Shimo likarudi pale pale.

Safari ile ya treni ndiyo iliyomharibu Obadiah. Kitu alichokifunga yeye kimefunguka, na kimefungukia ndani ya mwanawe. Akaapa, na wala hakuapa kanisani, aliapa mbele ya jiliwa lake: chuma kitakachofuata hakitacheza, na mtoto huyu hatafunguliwa kifua tena akishafungwa.

Akaanza upya, na tumpe haki yake, alifikiri vizuri. Aliona kwamba ufito wenye mkunjo daima hutaka kuanguka upande, hata uufunge kwa waya wa namna gani. Haukukosa nguvu, ulikosa miguu. Basi akautengenezea mabawa mawili, vibao vyembamba vya chuma, kimoja kila ncha, vikiwa vimeukata ufito kwa msalaba na kulala juu ya mbavu kwa nje. Mbavu tatu kwa bawa moja. Kubingirika ingebidi uinue mbavu zote. Akatoboa mabawa matundu ili nyama iote ndani yake na kuyashika zaidi. Alikwenda buchani akanunua ubavu mzima wa mbuzi, akaufungia chuma chake, akausukuma, akautikisa, akauning'iniza kwenye jiliwa na kuupiga. Haukucheza hata kidogo. Mchana wenzake wakamchoma mgonjwa na kumla kwa chumvi.

Bawa moja lilipigwa ribiti hapo hapo karakana. La pili lilipaswa kufungwa na daktari, ufito ukishapita chini ya mfupa. Hapo ndipo ilipohitajika bolti. Ni bolti ndogo, fupi kama punje ya hindi. Obadiah aliigeuza mkia wake utazame ndani, kwenye mbavu, usikwaruze ngozi. Na mkia ule akauacha laini, akatengeneza koleo la pekee lenye meno, ambalo daktari akilibana mara moja tu, mkia unapondeka na nati hairudi.

Rafiki yake Owino, fundi Mjaluo wa jiliwa la pili, aliishika kazi ile akaigeuzageuza. Owino alikuwa mtu wa maneno machache pale palipo na kazi na maneno mengi pale palipo na pombe, na hapo hapakuwa na pombe.

"Kazi safi," akasema. "Lakini Obadiah, hii umeiua. Siku ya kuitoa, utafungua na nini?"

"Kitu kikifungwa vizuri hakitolewi. Kinachotolewa ni kile kilichofungwa vibaya."

"Si daktari alisema miaka miwili?"

"Daktari amezoea vyuma vyake vya kulegea. Wewe umeona njia ya Taveta, nimefunga mahali pakafunguka?"

"Reli haikui, ndugu yangu," Owino akasema, akairudisha mezani.

Obadiah alimwambia ashughulike na Wajaluo wenzake na boila zao. Owino akacheka, akarudi kwenye jiliwa lake. Sikio la kufa halisikii dawa, na Owino hakuwa mtu wa kurudia dawa.

Daktari Norberg alifurahi mno alipouona ufito ule. Aliupitisha mkononi, akajaribu kuyapindua mabawa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Koleo lilimpendeza zaidi, kwa kuwa kila dakika kifua kikiwa wazi ni dakika ya hatari, na hili lilimaliza kazi kwa kubana mara moja. Lakini hakuwa mjinga. Aliuliza.

"Na kufungua, bwana Obadiah?"

"Kufungua si shida, Daktari," Obadiah akajibu bila kupepesa. "Siku ikifika nitakuja mwenyewe na chombo chake."

Chombo hakikuwepo. Hakikuwepo karakana wala kichwani mwake. Alimdanganya mtu aliyekuwa akienda kumwokolea mtoto, na alidanganya kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu alikwisha kuamua kwamba siku hiyo haitafika. Upendo ukishikana na kiburi, we acha tu.

Ufito ulishika. Hilo halina ubishi. Elsie aliamka na kifua kilichosimama, na safari hii hakikulala tena. Alikimbia. Aliruka kamba. Jina la Bakuli likafa shuleni kwa kukosa kazi. Aliingia kwaya ya kanisa, na ikaonekana kwamba muda wote ule ndani ya lile shimo palikuwa na sauti, sauti ya juu, safi, ambayo mwalimu wa kwaya aliiweka mbele ya zote. Obadiah alikaa kiti cha mbele. Mgeni akija nyumbani alimwita mtoto, "Elsie, njoo mwanangu," akamgongagonga kifuani kwa kidole juu ya gauni, tok tok, ili mgeni asikie chuma. Tryphena alichukia jambo lile. Elsie mwanzoni alicheka, baadaye alianza kutoroka kila akiona mgeni.

Daktari Norberg alimaliza utumishi wake akarudi kwao. Kabla ya kuondoka aliwakumbusha: mtoto akitimiza miaka kumi na mmoja apelekwe, aliyemrithi ataufahamu mkasa wote. Miaka ikatimia. Tryphena akakumbusha. Obadiah akasema ngoja mvua ipite. Mvua ikapita, akasema karakana hawatoi ruhusa. Kwenda pwani walitumia pasi ya reli, ya bure kwa familia ya mfanyakazi, na pasi huombwa na mfanyakazi mwenyewe. Hakuiomba. Wakati mwingine alisema ameomba.

"Baba Elsie," Tryphena alimwambia mwaka wa pili wa kungoja huko, gauni la shule la mtoto likiwa mkononi, "gauni hili nilimshonea mwaka jana. Tazama. Halipiti mabegani. Nguo ya mwaka jana haimwenei, hicho chuma cha miaka minne kitamweneaje?"

"Chuma si nguo, Mama Elsie."

"Ndiyo maana nauliza. Nguo hupasuka. Hicho kitapasuka?"

"Hakipasuki!" akasema kwa fahari, akadhani amemjibu.

Elsie akarefuka. Miguu ikarefuka, mikono ikarefuka, kidevu kikaacha utoto, ila kifua kilibaki kile kile cha mtoto wa miaka tisa, kimebanwa kwapa na kwapa. Chini ya matiti yaliyoanza kuota pakatokea mfereji kuzunguka mwili, kama kamba iliyokaziwa mti mchanga ikasahauliwa. Alianza kulala ameketi. Katika kwaya alikata neno katikati, akavuta pumzi, akalimalizia akiwa nyuma ya wenzake. Mwalimu akamrudisha mstari wa pili, kisha wa tatu. Hakumwambia baba yake. Alikuwa amekwisha kujua kwamba kulalamikia kile chuma ni kumlalamikia yeye, na alimpenda. Baba naye aliona. Usidhani hakuona. Aliona akasema ni ukuaji, wasichana wote huchoka wakikua, na alipomkuta ameketi usiku alimwekea mto mwingine mgongoni, akarudi kulala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Obadiah alikuwa anaficha maradhi ya mtu mwingine.

Sikukuu ya mavuno, mwaka 1971, waumini walipanda kutoka Voi kwenda kanisa moja la mlimani, na Elsie akaanguka njiani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tryphena hakumwuliza mtu tena. Aliuza kuku wake, akamweka mtoto kwenye basi, akashuka naye pwani. Pasi aliyoingoja miaka mitatu hakurudi hata kuiulizia. Obadiah alipotoka kazini akakuta nyumba imefungwa, na jirani akamweleza walikokwenda. Akapanda treni ya jioni akiwa na nguo za karakana.

Mpasuaji sasa alikuwa Daktari Maundu, Mkamba, mtu mpole wa makamo. Aliitundika eksirei dirishani, na Obadiah akaiona kazi yake kwa mara ya kwanza tangu siku aliyomkabidhi Norberg. Ule ufito ulisimama mweupe katikati ya mbavu za mwanawe, haujasogea hata unywele.

"Wewe ndiye uliyetengeneza?" Daktari Maundu akauliza.

"Mimi, Daktari."

"Nimefurahi umekuja. Nimesoma maelezo ya mwenzangu. Anasema chombo cha kufungulia unacho wewe."

Tryphena alikuwa ameketi kando. Akainua uso. Miaka yote hiyo, katika magomvi yote, hilo la chombo hakuwahi kulisikia.

"Hakuna chombo," Obadiah akasema.

"Umekisahau Voi?"

"Hakipo. Haifunguki. Bolti nimeiua."

Ilimbidi aeleze maana yake, na alieleza mbele ya mkewe, kuhusu mkia uliopondwa, na kwa nini aliugeuza ndani. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza, na ingekuwa heri angemgombeza. Akamwonyesha kwa kalamu palipokuwa na wingu jeupe juu ya mabawa. Mfupa ulikuwa umeota ukapita katika yale matundu, ukafunika bolti. Chombo cha kukata chuma kigumu namna ile ndani ya kifua cha mtu hakuwa nacho, wala moto wa gesi hauingii mwilini. Kilichobaki ni kukitoa chuma pamoja na kilichoshikwa nacho. Ataziondoa zile sehemu za mbavu zilizo chini ya mabawa, pande zote mbili.

"Atapona?" Tryphena akauliza.

"Akibaki hivi, mama, moyo utachoka kabla ya mwaka kwisha. Nikiutoa, ataishi. Lakini kifua kitakosa nguzo zake. Kitaanguka ndani kuliko alivyozaliwa. Na mbavu zikishaondoka, sina pa kushikiza kingine." Akaishusha kalamu. "Angeletwa baada ya ile miaka miwili, hata vibao hivyo ningevibandua. Mfupa ulikuwa bado haujavifunika."

Walimpasua kesho yake. Ilikuwa kazi ya kutwa. Owino aliyekuja na treni ya asubuhi aliketi na Obadiah barazani tangu mlango ulipofungwa hadi ulipofunguliwa, na kwa kuwa alikuwa rafiki wa kweli, hakutaja reli.

Elsie aliishi, kama daktari alivyosema. Walipoingia wodini siku ya tatu alikuwa ameinuliwa kwa mito, ana mrija ubavuni, na kila akivuta pumzi pande zote mbili za kifua zilizama ndani badala ya kutoka nje. Alikuwa na miaka kumi na minne na alipumua kama bibi kizee aliyepanda mlima. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono. Muuguzi akaleta kitu kimefungwa kwa bandeji, akasema daktari amesema apewe fundi, huenda atataka kukitazama.

Obadiah akakifungua. Kilikuwa kimesafishwa. Ufito ulikuwa unang'aa kama siku ya kwanza, hauna kutu wala ufa, na chini ya bawa moja bado paling'ang'ania chembe ya mfupa. Mikono yake ilifanya yenyewe ilichozoea kufanya. Ikashika ufito kwa huku na bawa kwa kule, ikapinda. Ikapinda tena kwa nguvu, misuli ikatoka. Bolti haikutikisika. Na usoni mwake, kabla hajajua, ikapita ile raha ndogo ya fundi aliyekuta kazi yake imekaa.

Elsie alikuwa anamtazama.

"Imeshika, Baba?" akanong'ona.

"Imeshika, mwanangu," akajibu, na neno likawa limekwisha kutoka.

Elsie akageuza uso ukutani, polepole, kwa kuwa haraka hakuweza. Tryphena akauchukua ule ufito mikononi mwa mumewe, akaufunga tena kwenye bandeji, akamwambia atoke nje, mtoto anataka kupumzika.